Padi za gemu: sie tuliozoea tunafurahi, mgeni atajiju

Wakuu kwema? Hii kitu ya padi, yaani kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, imenikaa kooni tangu Idi na leo naitema, povu ruksa. Kila siku mtu mgeni akiuliza aanzie wapi kucheza gemu anajibiwa "we shika padi tu utazoea". Utazoea, utazoea, utazoea. Nimelichoka hilo neno, na nyie mnaolisema nimewachoka pia, mimi mwenyewe nikiwemo maana nimelisema miaka ishirini.

Iko hivi. Idi pili mama alikuwa kwangu hapa Dar, katoka Tanga kuja kuona wajukuu. Mama ana miaka 61 na mpira anaujua, sio wale wanaouliza "kafunga nani" watu wakishakaa chini, huyu ni Coastal Union damu damu, anakwambia beki wa kushoto kapanda vibaya kabla mtangazaji hajaona. Sa kijana wangu wa miaka 9 alikuwa anacheza gemu la mpira (mashine gani sisemi, nawajua mtaacha mada muanze ushabiki wenu), bibi yake kakaa pembeni anamfokea, "toa pasi wewe, huyo wa kulia yuko peke yake, toa!" Dogo akaona isiwe tabu, bibi basi shika wewe. Bibi akashika.

Kwanza aliibeba kama anabeba sahani, viganja chini, vidole gumba viko hewani havina pa kwenda. Nikampanga vidole. Nikamwambia mama hiki kigingi cha kushoto ndo cha kukimbilia, akakisukuma, mtu akakimbia, mama akacheka mpaka nikafurahi. Nikamwambia sasa pasi ni eksi. Akainamisha kichwa kutafuta eksi, akaiona, akabonyeza, kuja kuinua macho mpira uko kwa adui zamani. "Mama badilisha mchezaji, bonyeza L1." "Eluwani ndo nani?" "Iko huku juu mama, kwa mbele." Akaisimamisha padi wima usawa wa macho, miwani kaishusha puani, kama mtu anayetafuta tarehe ya kuisha muda kwenye kopo la maziwa. Vile viherufi vyenyewe vidogo, rangi ya kijivu juu ya plastiki ya kijivu, mimi mwenye macho yangu siku za mgao hata sivioni. Na wakati anaigeuzageuza viganja vinaminya kila kitu, gemu likasimama, menyu ikafunguka, dogo anapiga kelele "bibiii umepozi!" Bibi anauliza kupozi ndo nini, dogo anataka kumnyang'anya, mimi namzuia dogo.

Hata hafutaimu haijafika ni nne bila. Mama akaiweka padi kwenye mkeka, polepole kabisa, akasema "haya, mimi na mdude huu basi, nileteeni chai." Na mpaka anapanda basi Jumatano hakuangalia tena hiyo TV dogo akiwa anacheza. Hata kumfokea pasi aliacha. Hapo ndo paliponiuma.

Sa niambieni kosa la mama ni lipi. Mpira anaujua kuliko mimi. Alishaona wapi pa kupiga pasi kabla yangu. Kilichomshinda ni kujua kidole gani kiende wapi bila kuangalia, na hilo halina uhusiano wowote na mpira.

Juzi nikaamua nihesabu, nikachukua padi ya PS5 (PlayStation 5) ya jirani nikakaa nayo. Msalaba njia nne. Boksi, eksi, duara, pembetatu, nane hizo. Juu kwa mbele nne, kumi na mbili. Analogi mbili, yaani vile vigingi, zinabonyezeka kwenda chini, kumi na nne. Halafu kuna ile ya menyu, ile ya kurekodi, ile ya katikati yenye nembo, ule ubao wa kugusa ambao nao unabonyezeka, na cha kuzima maiki. 19! Na hapo sijagusa kuzungusha hizo analogi zenyewe, ambazo moja unatembelea na nyingine unazungushia macho, kwa wakati mmoja, dole gumba hili linafanya hili na lile linafanya lile. Mpe mtu ambaye hajawahi kushika gemu lolote la kutembea na bunduki uone, atatembea anaangalia dari, akishusha macho anatembelea ukuta, dakika tano zote yuko kwenye kona anasugua pua.

Na hiyo L3 na R3 nani alikaa akaona ni wazo zuri? Haijaandikwa popote inapoonekana, haina umbo lake, ni kigingi kilekile ulichoambiwa usukume, sasa eti ukiminye kama kengele ya mlangoni. Gemu linakuja na maandishi "bonyeza R3", mgeni anaikagua padi nzima mbele nyuma, anaona R1, anaona R2, R3 haipo. Ataipataje? Mpaka atokee mtoto wa mtu amwambie. Yaani kitu kimeuzwa mamilioni dunia nzima halafu maelekezo yake yanapita mdomo kwa mdomo kama dawa za mitishamba.

Tena ngojeni, kuna la eksi. Herufi X. Kwenye PlayStation iko chini. Kwenye Xbox ya Microsoft iko kushoto. Kwenye Nintendo iko juu. Padi tatu, X iko sehemu tatu, na hazifanyi kazi moja. A na B nazo Nintendo na Xbox wamezipishana, ya huku ndo ya kule. Hata ndani ya PlayStation yenyewe, Japani miaka yote duara ilikuwa ndo "ndiyo" na eksi ndo "hapana", na aliyezichora zile alama, Teiyu Goto, alikusudia hivyohivyo, huku kwetu tukaletewa kinyume, mpaka ilipotoka PS5 mwaka 2020 ndo wakaamua eksi iwe "ndiyo" kila mahali. Miaka ishirini na sita wanabishana ndiyo ni ipi! Na wale wa vibanda vya gemu mnakumbuka vita vyetu vya PES na FIFA, magemu mawili ya mpira. PES boksi ndo shuti na duara ndo krosi, FIFA duara ndo shuti na boksi ndo krosi. Jamaa kazoea PES anakuja kucheza FIFA, yuko yeye na kipa tu, anabonyeza boksi, mpira unapaa kama anatafuta embe. Tulicheka sana. Ila huyo alikuwa mzoefu wa miaka, sa mgeni je?

Af kuna kitu nimekifikiria sana tangu mama aondoke. Sisi hatujawahi kujifunza padi. Sisi tumekua nayo. Atari ya 1977 ilikuwa kigingi kimoja na kitufe kimoja chekundu, bas. Famicom ya Nintendo 1983 ikaja na ule msalaba, ambao Gunpei Yokoi aliutengeneza mwaka mmoja nyuma kwa ajili ya kile kigemu cha mkononi cha Donkey Kong, na A na B. Super Famicom 1990 vinne usoni na viwili mabegani, kule juu kwa mbele. PlayStation 1994 mabegani vikawa vinne. DualShock, padi ya PlayStation ya 1997, ndo analogi mbili za kubonyezeka. Mimi nilianza na zile za kichina za kaseti, za kupuliza vumbi, vitufe viwili, nikacheza miaka mitatu ndo nikaona PlayStation, nikajifunza L1 na R1, baadae ndo zikaja analogi. Kila baada ya miaka kadhaa naongezewa kidogo, kama mtoto anavyoongezewa daftari. Mama kapewa madaftari yote siku moja, akaambiwa mtihani ni sasa hivi na anayemsimamia ni mjukuu anayemcheka.

Na msiniambie ugumu ndo utamu wa gemu. Tanga sisi tumelelewa na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kuna namua kuna mtaji, kuna nyumba na sheria zake, mtu anaweza kukaa barazani mwaka mzima na bado babu anamla huku anaongea na mtu mwingine. Gumu kuliko gemu lolote mlilonalo kwenye hizo diski zenu. Lakini mkono unafanya nini? Unachota, unatia moja moja. Basi. Mtoto wa miaka mitano mkono wake unajua bao siku ya kwanza, kichwa ndo kitafuata. Ugumu wote uko pale panapostahili kuwa mgumu. Padi imegeuza, kichwa cha mama kilikuwa tayari, mkono ndo ukafungiwa mlango.

Na msiseme haiwezekani kurahisisha maana iliwezekana. Mjomba aliporudi kutoka Muscat alikuja na Wii, ile ya Nintendo ya 2006, kile kirimoti cheupe na mkanda wake wa kuvaa mkononi. Mama huyuhuyu! Tenisi. Hakuna aliyemfundisha, aliambiwa mama piga kama unapiga, akapiga. Alikuwa kavaa dera, kajifunga kanga kiunoni, anatuchapa mmoja mmoja sebuleni, jirani anakuja kuuliza kuna nini, naye anapewa rimoti, naye anacheza. Ikauzwa zaidi ya milioni mia dunia nzima, wazee Ulaya na Marekani walikuwa wanaicheza boling kwenye nyumba za kulelea wazee. Satoru Iwata aliyekuwa rais wa Nintendo kipindi hicho alikuwa anawalenga hasa watu wasiocheza gemu, na watu wasiocheza gemu wakaja. Sa baada ya hapo nini kilitokea? Hao hao Nintendo 2012 wakaleta Wii U na lipadi lenye kioo katikati kubwa kama sinia, haikufika hata milioni 14. Microsoft nao wakaja na Kinect 2010, huna padi kabisa unacheza na mwili, ila inataka sebule ya mtu mwenye pesa, kwangu ukirudi nyuma hatua mbili uko jikoni.

Ili nisiwe muongo, magemu mengine yanajitahidi. Mario Kart 8 Deluxe ya 2017 unaweza kuweka gari lijiendeshe mbele lenyewe na lisiache barabara, mgeni anabaki na kukata kona na kurusha maganda ya ndizi, na anaenjoi. Gemu la mpira nalo kwenye mipangilio kuna ya vitufe viwili tu. Sawa. Ila imefichwa menyu ndani ya menyu, na ili ufike huko inabidi ujue padi! Na 2018 Microsoft walitoa padi maalumu ya watu wenye ulemavu, vitufe viwili vikubwa kama visosi, Sony nao 2023 wakatoa yao. Kazi nzuri mno ile, heshima kwao, inaonyesha wakikaa chini wakafikiria mikono ya watu wengine wanaweza. Ninachouliza ni kwanini mtu mwenye mikono yake miwili ila mgeni tu hakuna anayemfikiria.

EDIT saa 4 usiku: naona mmefurika, nawajibu kwa mkupuo.

Uliyesema gari nalo lina mambo mengi na watu wanajifunza. Ndugu yangu, gari unafundishwa, unabandikwa L, mwalimu ana breki yake pembeni. Na klachi, breki, mafuta, zinafuatana hivyohivyo ukipanda kigari cha mkopo au ukipanda Scania. Ingekuwa kama padi, ukihama Toyota kwenda Nissan breki ingehamia kwenye mafuta na mngeniambia nitazoea. Mfano wako umenisaidia mimi, asante.

Uliyesema acheze kwenye simu. Anacheza, kuna la kupanga vipande vya rangi yuko hatua ambayo mimi siwezi kumfikia. Kidole kimoja. Ila gemu la mpira kwenye simu wamechora padi ileile juu ya kioo, na kioo hakina hata kituta cha kupapasa, dole gumba likihama kidogo tu unabonyeza hewa. Wamechukua ugumu wakauacha hata ule unafuu wake.

Uliyesema wamama wa miaka sitini gemu zinawahusu nini, wewe sikujibu, ila mama yako naye anasoma humu.

Uliyesema nimpe wiki mbili na mtu wa kumfundisha taratibu. Hapo kidogo nakubali, nilimpa padi katikati ya mechi mbele ya watoto wanaocheka, hilo kosa langu na limeniuma. Lakini nilivyompigia leo nikamwambia mama ukija tena ntakufundisha taratibu, akasema hapana, "ile ya Muscat ya kupigapiga hewani haipo tena?"

Sa mada nimemaliza. Mwenye Wii nzima, rimoti mbili, mikanda iwepo, anicheki PM bei yake. Niko Dar, nafuata mwenyewe popote hata Kigamboni.