Jezi ya mtumba yenye kangaruu: hii Bohemians ya Prague ina historia gani?

UziWaKijani

Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe kitu. Juzi nilikuwa Karume napekua mitumba ya jezi nikakutana na uzi mmoja wa kijani na nyeupe, kitambaa bado kizima kabisa, kifuani una mnyama ambaye nilivyomwangalia vizuri nikaona ni kangaruu, na maandishi Bohemians Praha 1905. Muuzaji akaniambia hiyo timu ya Australia, nikaamini maana kangaruu anatoka wapi kwingine. Nafika nyumbani mdogo wangu ananiambia Praha ndio Prague ya Ucheki.

Sasa hapo ndio nimechanganyikiwa. Timu ya Prague inabebaje kangaruu? Alafu nimepitapita mtandaoni naona eti yule Panenka wa penalti za kudokoa alikuwa wa timu hii, ni kweli? Na kubwa zaidi, nimeona zimewahi kuwepo Bohemians mbili mji mmoja, kuna hii ya 1905 na kuna nyingine ilikuwa inaitwa FK Bohemians Praha, sasa ipi ndio yenyewe? Jezi nimeipenda sana lakini sitaki nivae jezi ya timu ambayo wenyewe wanaikataa. Anayejua historia yao tafadhali ashushe.

KiungoMkabaji

Mkuu huyo muuzaji hajakosea mbali sana, Australia imo kwenye hii habari.

Timu ilianza 1905 kwa jina la AFK Vršovice, Vršovice ni mtaa wa Prague. Mwaka 1927 wakapata mwaliko wa kwenda kucheza Australia, na mwaka huo safari ni meli, sio unapanda ndege jioni asubuhi umefika, ni miezi. Sasa lile jina la Vršovice kwa Waaustralia lilikuwa halitamkiki, ikabidi watafute jina jepesi, na kwa kuwa ile sehemu ya Ucheki yenye Prague kwa Kiingereza inaitwa Bohemia wakaenda kama Bohemians. Wakazunguka wanacheza mechi miji mbalimbali, na wakati wa kuondoka wenyeji wakawapa zawadi ya kangaruu wawili, wazima kabisa, wanaruka, wakarudi nao mpaka Prague.

Toka hapo jina likabaki na mnyama akapanda kwenye nembo. Mpaka leo wanaitwa Klokani, yaani kangaruu kwa Kicheki. Mi napenda sana nembo yenye stori ndani yake, simba na tai kila timu anaweza kuwaweka lakini kangaruu katikati ya Ulaya lazima uulize kama ulivyouliza wewe.

MikonoYaKipa

Mimi najibu la Panenka maana hilo nalijua vizuri.

Ndio mkuu, Antonín Panenka ni mtoto wa Bohemians, amelelewa pale toka timu za vijana na amecheza timu ya wakubwa mpaka 1981. Watu wengi wanajua tu ule usiku wa tarehe 20 Juni 1976 pale Belgrade, fainali ya Euro, Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi ambao ndio walikuwa mabingwa wa dunia na mabingwa wa Ulaya kwa wakati mmoja. Chekoslovakia wakatangulia 2-0, Wajerumani wakarudisha moja, alafu dakika za mwisho kabisa Hölzenbein akasawazisha kwa kichwa. Wakaenda matuta. Uli Hoeneß akapaisha juu, sasa Panenka akifunga ni ubingwa. Kaja mbio kabisa kama anataka kupasua nyavu, Sepp Maier karuka kushoto kwake, jamaa kaudokoa tu taratibu katikati, mpira unaelea unaingia.

Lakini ambacho watu hawakijui ni kwamba ile penalti haikuzaliwa Belgrade, ilizaliwa kwenye mazoezi ya Bohemians. Panenka amesimulia mwenyewe mara nyingi, baada ya mazoezi alikuwa anabaki na kipa wao Zdeněk Hruška wanapigiana penalti kwa dau la chokoleti na bia, na Hruška alikuwa anadaka sana kwaiyo mwenzie analiwa kila siku. Usiku kalala anawaza namna ya kumfunga huyu mtu, akagundua kipa anasubiri mpaka sekunde ya mwisho ndio anaruka, kwaiyo ukipiga taratibu katikati ameshaondoka hawezi kurudi. Akaanza kuifanyia majaribio pale mazoezini, alafu mechi za kirafiki, alafu za ligi, karibu miaka miwili hivi. Ivo Viktor kipa wa timu ya taifa ambaye ndio walikuwa wanalala chumba kimoja alimkataza kabisa asithubutu kwenye fainali.

Kwaiyo Hakimi alivyowatoa Hispania kwa ile ile pale Qatar 2022, Morocco nzima inalia Afrika nzima inalia, ujue ule mpira ulianza na kipa wa Bohemians aliyekuwa mgumu kufungika mazoezini. Sisi makipa huwa hatutajwi kwenye hizi stori, huyu Hruška anastahili heshima yake.

UziWaKijani

Daah MikonoYaKipa asante sana, hilo la kipa sikuwahi kulisikia popote. Kwaiyo wakati wa Panenka ndio walichukua ubingwa?

MzeeWaRedio

Hapana kijana wangu, na hilo ndilo linaloniuma mimi kwenye historia ya hawa watu.

Panenka aliondoka 1981 kwenda Rapid Wien ya Austria. Enzi za ukomunisti mchezaji wa Chekoslovakia hakuruhusiwa kwenda nje mpaka umri umekwenda, amevuka thelathini huko, kwaiyo miaka yake mizuri yote aliicheza nyumbani. Sasa ameondoka tu, msimu wa 1982/83 Bohemians wakachukua ubingwa wa Chekoslovakia, ubingwa wao wa kwanza na mpaka leo ndio pekee. Kocha alikuwa Tomáš Pospíchal, golini yuleyule Hruška, mbele Pavel Chaloupka, yumo Bičovský, Jakubec, Prokeš. Na msimu huohuo wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA, wamempiga Saint-Étienne 4-0, wamemtoa Dundee United, wakaja kukwama kwa Anderlecht ambao ndio walibeba kombe.

Kwa hiyo mwaka uliofuata wakaingia Kombe la Mabingwa, wakawatoa Fenerbahçe, na raundi ya pili wakapangwa na nani? Rapid Wien, timu ya Panenka. Prague wakashinda 2-1, Vienna wakafungwa 1-0, jumla 2-2, wakatolewa kwa lile goli ambalo Rapid walilifunga ugenini, maana enzi hizo jumla zikilingana goli la ugenini ndio linaamua. Mtu amekulia pale, amewapa jina dunia nzima, ubingwa hakuukuta, na safari yao kubwa ya Ulaya ikakatwa na timu anayochezea yeye.

Jingine muelewe, hii haikuwa timu ya wakubwa. Dukla, timu nyingine ya Prague, walikuwa na jeshi nyuma yao. Bohemians kwa miaka mingi walikuwa chini ya kiwanda cha ČKD kilichokuwa kinatengeneza treni na tramu, na kabla ya hapo serikali ilikuwa inawabadilisha majina kama nguo, walishaitwa Železničáři yaani watu wa reli, wakaitwa Spartak Praha Stalingrad, wakaitwa ČKD Praha, mpaka 1965 jina la Bohemians likarudi. Hebu fikiria timu ya mtaani kwenu inaitwa Stalingrad.

UziWaKijani

Shikamoo mzee, na asante. Sasa limebaki lile la Bohemians mbili.

NipoPrague

Hilo niachieni mimi, naishi huku mwaka wa sita sasa na uwanja wao nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu ambaye ni mmoja wa waliochanga 2005, kwaiyo hii stori nimeisikia kwa mtu mwenye machungu nayo.

Miaka ya 2000 mwanzoni timu ilikuwa imeoza kimadeni, ikashuka ligi kuu 2003, na msimu wa 2004/05 ikiwa daraja la pili hela zikaisha kabisa wakatolewa kwenye ligi msimu ukiwa katikati. Imekwisha. Timu ya miaka mia moja inakufa mwaka uleule inaotimiza miaka mia. Mashabiki wakaanza kuchangishana, kila mtu anatoa alichonacho, wakaunda ushirika kabisa uliosajiliwa, madeni yakalipwa, ikaundwa kampuni mpya ya kuendesha timu kwa jina Bohemians 1905 na ushirika ukawa mmoja wa wanahisa. Wakaanzia daraja la tatu. Wakapanda 2006, wakapanda tena 2007, miaka miwili tu wamerudi ligi kuu. Huyu mwenzangu anasema ile mechi ya kwanza ya daraja la tatu watu walikuwa wanalia majukwaani kama fainali, kwa sababu miezi michache nyuma walijua hawataiona tena ile rangi ya kijani uwanjani.

Sasa zile mbili. Jina la Bohemians na nembo vilikuwa na mgogoro, kuna chama cha michezo cha TJ Bohemians Praha ambacho kilikuwa kinadai haki ya jina, na kikalikodisha kwa timu nyingine kabisa ya kaskazini mwa Prague, mtaa wa Střížkov. Hao ndio wakajiita FK Bohemians Praha. Wamevaa kijani, wamevaa kangaruu, wakapanda mpaka ligi kuu. Msimu wa 2009/10 zikawa Bohemians mbili ligi moja, ulipofika wakati wa kucheza na hii ya 1905 wale wa Střížkov wakagoma hawakutokea kabisa, wakaadhibiwa na msimu huohuo wakashuka.

Kwaiyo jezi yako mkuu kama imeandikwa 1905 vaa bila wasiwasi wowote.

KaratasiKwanza

Naomba nitofautiane kidogo na NipoPrague. Kama chama kilikuwa na haki ya jina kisheria na kikalikodisha kwa mkataba, wale wa Střížkov walikosea nini? Jina ni mali kama mali nyingine. Huwezi kusema hii ni yetu kwa sababu tunaipenda.

NipoPrague

KaratasiKwanza nimekuelewa na mahakamani ndio mabishano yalikuwa hayohayo, yalivutana miaka. Lakini jiulize, ile timu ya Střížkov walipopata jina na kangaruu na rangi, watu walikwenda? Hawakwenda. Watu wa Vršovice walibaki Vršovice, kwenye uwanja uleule babu zao walikuwa wanasimama toka 1932. Panenka mwenyewe alikaa upande wa 1905 na akawa rais wao. Unakodisha nembo, sawa, sasa ule usiku wa Saint-Étienne unaukodishaje?

Na kuhusu uwanja, nao una kesi yake. Unaitwa Ďolíček, maana yake kishimo, kwa sababu umekaa bondeni. Uliwahi kuangukia mikononi mwa kampuni ya majengo, ikawa hofu kubwa kwamba utavunjwa, na timu ikahamia kucheza Eden kwa Slavia. Slavia ni jirani, sio hata kilomita moja, lakini ndio wapinzani wao wa mtaa, hebu pata picha unaambiwa mechi zako za nyumbani ukachezee kwa mtani wako. Mashabiki wengi waligoma kwenda. Walipiga kelele, waliandamana, 2012 timu ikarudi Ďolíček na 2016 jiji la Prague likaununua ule uwanja. Ni mdogo, mashabiki elfu sita na kidogo hivi, zamani kabisa, na ukisimama jukwaani unasikia kocha anavyofoka.

KaratasiKwanza

Hapo kwa Panenka na watu kutohama umenigusa. Kisheria bado nina msimamo wangu, ila nakubali wale wa Střížkov walinunua ganda.

KiungoMkabaji

Niongezee tu kwamba sasa ivi hawako pabaya, 2013 walipanda na hawajashuka tena, na 2022/23 walimaliza wa nne wakacheza kufuzu Conference League. Walitolewa na Bodø/Glimt ya Norway mapema tu lakini walikuwa hawajacheza Ulaya toka miaka ya themanini.

UziWaKijani

Wakuu nashukuru sana wote, sikutegemea jezi moja ya mtumba itakuwa na mambo yote haya. Nimeifua nimeianika, Jumamosi nakwenda nayo kwenye mechi yetu ya mtaani. Swali la mwisho NipoPrague, hilo jina Vršovice mnalitamkaje maana watu wataniuliza nami nitawasimulia.

NipoPrague

Sema Vrshovitse, ile r usiiwekee irabu, ivute palepale na v. Mimi ilinichukua wiki mbili, na hawa huku bado wanacheka nikilisema. Ďolíček sema Djolichek, hilo ni jepesi.

UziWaKijani

Vrshovitse. Nimejaribu hapa mara nne ulimi unagoma, naona Waaustralia walikuwa na haki yao.