Dari za vigae za Guastavino

Idd: Shikamoo Baba Mdogo. Nimeona picha ya ule ukumbi mkubwa wa Ellis Island, New York, walikopokelewa wahamiaji. Dari lote lile ni vigae? Nondo ziko wapi?

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba. Vigae vitupu, zaidi ya 28,000. Mlipuko wa ghala la silaha la Black Tom, jirani na kisiwa hicho, mwaka 1916 uliharibu dari la plasta, kampuni ya Guastavino, wajenzi wa matao ya vigae, ikaja kuweka hili. Walipokarabati miaka ya 1980 walibadilisha vigae 17 tu.

Zuhura: Mzee Guastavino mwenyewe alishafariki 1908, ile ni kazi ya mwanawe, naye akiitwa Rafael. Baba alizaliwa Valencia 1842, akasomea Barcelona, akajenga kiwanda cha nguo cha Batlló hapo hapo, kisha 1881 akahamia New York. Chicago ilikuwa imeungua vibaya 1871, kila mwenye jengo anaogopa sakafu za mbao. Yeye akaja na sakafu ya matao ya vigae, isiyoshika moto. Maktaba ya Umma ya Boston, aliyoanza 1889, ndiyo iliyomtoa.

Idd: Sawa dada, lakini kigae cha kwanza kinashikwa na nini kama chini hakuna mbao?

Baba Mdogo Hamisi: Jasi. Kigae ni chepesi, unene kama sm 2.5, ukubwa sm 15 kwa 30. Unapaka jasi kwenye kingo mbili zitakazogusa vilivyokwisha kupangwa, unakibana kwa mkono sekunde chache, kimeshika. Mbao chache ni za kuongoza umbo tu. Tabaka la kwanza likikamilika ndipo unaweka la pili na la tatu kwa saruji na mchanga, ukigeuza mshazari ili jointi zisifuatane. Jointi zikifuatana, ufa unapita moja kwa moja hadi juu.

Baba Mdogo Hamisi: Na jasi changanya kidogo kidogo, ndoo safi. Mabaki makavu ndani ya ndoo yanaifanya igande kabla hujageuka. Kigae kikavu mno kinainyonya maji, kikilowa chepechepe hakishiki: kichovye, kitoe. Tena jasi haipendi maji, kwa hiyo paa likivuja tabaka la chini ndilo linaloachia kwanza.

Zuhura: Wengi wanaangalia vigae, wanasahau kuta. Tao linasukuma nje. Chukua upana m 4, kimo sm 50, uzito wote kilo 500 kwa mita ya mraba. Msukumo ni uzito × upana × upana ÷ (8 × kimo): 500 × 4 × 4 ÷ (8 × 0.5) = kilo 2,000 kwa kila mita ya ukuta. Ukipandisha kimo hadi m 1, msukumo unashuka hadi kilo 1,000. Hapo ndipo chuma kinapohitajika Idd, miguuni pa tao, fimbo zinazofunga ukuta na ukuta. Ukuta ukisogea hata kidogo, tao linashuka katikati na kupasuka.

Idd: Na kuba kubwa, zinawezekana bila jukwaa la mbao chini?

Baba Mdogo Hamisi: Zinawezekana. Kanisa kuu la St. John the Divine, New York, 1909: kuba ya karibu m 30, mafundi wamesimama juu ya kazi ya jana wakiendelea kuzunguka. Kila duru ikifunga inajibeba. Iliwekwa iwe ya muda tu, na ipo mpaka leo. Kwangu hiyo ndiyo kazi kuu ya ile familia, kuliko hata City Hall, stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya New York, ya 1904.

Idd: Huku kwetu ipo?

Zuhura: Kigali, uwanja wa kriketi wa Gahanga, 2017. Vigae vya udongo na saruji kidogo, vimeshindiliwa kwa mashine, havikuchomwa. Kwa sababu ya matetemeko waliweka wavu wa plastiki katikati ya tabaka. Ukitaka kujaribu kibanda cha m 2, anza na huo wavu na fimbo za miguuni kabla ya kununua kigae hata kimoja.