Mabosi wa LinkedIn, acheni kutafuta kiki kwa matatizo ya wafanyakazi wenu

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Mdogo wangu alipata kazi ya uhasibu kwenye kampuni moja hapa Dar. Kwenye usaili wakamuuliza kwa nini CV yake ina pengo refu bila ajira. Akawajibu ukweli: alikuwa nyumbani anamuuguza baba, figo zilikuwa zimefeli, kila wiki anapelekwa kusafishwa damu, mpaka kiwanja kikauzwa ili matibabu yaendelee. Baba akafariki. Haya aliyasema ndani ya chumba cha usaili, mbele ya watu waliotakiwa kujua kama anaiweza kazi, basi.

Hata mwezi haujaisha, mkurugenzi kayamwaga yote LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi. Mstari wa kwanza: "Alikuja kwenye usaili na shati lililopauka kola." Kule posti inakatwa baada ya mistari michache mpaka ubonyeze kuona iliyobaki, kwa hiyo ufukara wa mdogo wangu ndio uliowekwa juu kama chambo. Chini yake ugonjwa wa baba, kiwanja, msiba, halafu aya nzima ya jinsi yeye bosi alivyo na huruma na jicho la kuona vipaji. Jina hakutaja. Kataja kitengo, chuo alichosoma, mkoa tunakotoka na mwezi alioanza kazi. Sasa hapo kamficha nani?

Waliosoma naye walimtambua siku hiyo hiyo. Kila anayekomenti "hongera kiongozi" anaisogeza posti kwa watu wake, ikatembea mpaka ikatua kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Baba zetu wadogo walikuwa hawajui kama kiwanja kimeuzwa. Mama alikuwa bado anatafuta namna ya kuwaeleza kikaoni, kwa heshima. Akapigiwa simu usiku kuulizwa hela za kiwanja ziko wapi. Mjane, anahojiwa kama mwizi, kisa bosi wa watu anataka laiki!

Na kilichoniuma kuliko vyote, kwenye komenti yumo mdogo wangu mwenyewe: "Asante sana bosi, Mungu akubariki." Mtu wa HR, kitengo cha rasilimali watu, ndiye aliyemwambia aandike. Yuko kwenye kipindi cha majaribio, angekataaje? Alipokuja kuomba kwa upole iondolewe, akajibiwa kwamba jina halimo, tena posti inaitangaza kampuni vizuri.

Watu wa HR mliomo humu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mnaijua? Imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi si jina peke yake, ni chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Na kilichokusanywa kwa ajili ya ajira hakigeuzwi tangazo bila ridhaa ya mwenyewe. Wenzetu Kenya wana sheria yao tangu 2019. Tuache hata sheria. Mtu akikueleza shida yake mkiwa faragha, unamsitiri. Hilo nalo mpaka mfundishwe kwenye semina?

Sipingi watu kusimulia maisha yao kule. Aliyepunguzwa kazini, aliyepona kansa, aandike anavyotaka, habari ni yake. Yule bosi wa kampuni huko Marekani, Braden Wallake, aliyeposti picha yake akilia mwaka 2022 baada ya kupunguza wafanyakazi, alisemwa sana, na mimi sikumpenda. Lakini uso aliouanika ulikuwa wake mwenyewe. Huyu wetu kamwanika marehemu baba yangu.

Mdogo wangu hataki tulalamike popote mpaka athibitishwe kazini. Namwelewa, ila mimi skrinishoti za posti na komenti zote nimeshazihifadhi. Kama kuna mwanasheria humu, au mtu aliyewahi kufikisha jambo kama hili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, naomba anijibu: ndugu anaweza kulalamika kwa niaba yake? Na wakiifuta posti kesho, hizi skrinishoti zinatosha kuwa ushahidi?