Majani ya manyoya yanalegea na kudondoka, nifanyeje?

Swali
Habari zenu wapenda maua. Nina kalankoe ile ya majani ya manyoya, Kalanchoe tomentosa, niliyoachiwa na mama mdogo alipohama. Ina kimo cha shubiri moja hivi, jani lake ukiligusa ni kama sikio la sungura, na kingoni lina vidoa vya kahawia. Mwezi wa kwanza ilikuwa nzuri. Sasa majani ya chini yamekuwa ya manjano, laini, kama yamejaa maji, na jana matatu yamedondoka kwa kuguswa tu. Nilidhani ni kiu, nikazidisha: kikombe cha maji kila asubuhi, na kuyanyunyizia majani yatoke vumbi. Imo kwenye kopo la plastiki juu ya kabati, mbali kidogo na dirisha. Na vile vidoa, ni ugonjwa? Nisaidieni, sitaki mmea wa mama mdogo unifie.

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, acha maji leo hii. Mmea huu ukiwa na kiu majani husinyaa na kukunjamana. Yakilegea na kupitisha mwanga, umekunywa kupita kiasi. Kwao ni Madagaska, kwenye miamba, na yale manyoya ndiyo kinga yake: hupunguza ukali wa jua na kuzuia jani lisikauke upesi. Ukiyanyunyizia, maji yananasa humo na jani linaoza. Vumbi litoe kwa brashi laini iliyo kavu.

Utoe kwenye kopo utazame mizizi. Mizima ni migumu na myeupe. Iliyooza ni myeusi, inateleza na kunuka. Kata yote mibovu kwa kisu ulichokipangusa kwa spiriti, uuache kivulini siku tatu nne kidonda kikauke. Kisha chungu cha udongo chenye tundu chini, nusu udongo, nusu mchanga wa chengachenga. Wa baharini usitumie, una chumvi. Subiri wiki nzima ndipo umwagilie, na baada ya hapo usimwagilie mpaka kidole kikute udongo umekauka hadi ndani. Usogeze karibu na dirisha, lakini uzoeshe jua kidogo kidogo.

Vidoa si ugonjwa. Ndiyo sura yake, na penye mwanga mzuri hukolea.

Jibu la pili
Naongezea. Ukiona kitu kama pamba kwenye makwapa ya majani, hivyo ni vidung'ata, yaani wadudu wadogo, na kwenye manyoya vinajificha sana. Vigusie spiriti kwa kijiti cha pamba. Na kama una paka au mbwa, uweke pasipofikika, kwa sababu kalankoe ni sumu kwao.

Majani mazima usitupe. Yaache siku chache yakauke sehemu ya kung'okea, uyalaze juu ya mchanga mkavu.

Mwulizaji
Asanteni sana. Kopo halikuwa na tundu hata moja! Mizizi zaidi ya nusu ilikuwa myeusi, nimekata mpaka nikaogopa. Kidonda kimekauka, shina limeshaingia kwenye chungu kipya, na majani mawili nimeyalaza pembeni.

Mwulizaji (wiki ya sita)
Shina limesimama imara. Jani moja limekauka, lakini la pili limetoa mizizi kama nyuzi na kichipukizi kidogo kuliko punje ya mchele, nacho tayari kina manyoya. Nimempigia picha mama mdogo. Hiki kichanga nikianze kukipa maji sasa, au nisubiri jani mama lisinyae kwanza?