Beji za Beetle ya zamani: nifuate kadi, matundu au picha?

Spana13: Wakuu, naomba mawazo. Beetle yangu, ile Volkswagen (VW) ya mgongo wa kobe, imekwanguliwa rangi hadi bati. Kadi ya gari inasema 1965. Mfuniko wa injini, ule wa nyuma, una matundu ya beji ya "1300" (ukubwa wa injini), bonneti ya mbele ina matundu ya ile ngao ya Wolfsburg, mji wa kiwanda cha VW, juu ya kitasa. Picha za mtandaoni kila moja ina lake. Nifuate kipi kabla sijaagiza?

MamaKabureta: Picha weka kando. Gari nyingi zinazong'aa kwenye maonyesho zimepambwa kwa ladha ya mwenyewe, halafu mwingine anaiga. Kadi nayo itakuchanganya, maana VW walikuwa wakianza modeli ya mwaka unaofuata kila Agosti. Inua kiti cha nyuma usome namba ya chasisi. Ikianza na 115 ni modeli ya 1965, 116 ni ya 1966.

Spana13: 116!

FundiPuti: Basi "1300" ina haki yake, injini hiyo iliingia na modeli ya 1966. Ngao haina, ilikoma 1962. Bonneti yako imetoka kwenye gari la zamani zaidi, na hilo hutokea sana gari likishagongwa mbele. Matundu yanakuambia bati limetoka wapi, gari ni habari nyingine. Yachomelee, usiyajaze puti, ile lami ya kusawazishia bati. Puti itapasuka na rangi juu yake.

Kidhibiti: Taratibu jamani. Mwaka huohuo 1200 nayo ilikuwa bado inatengenezwa, na namba yake inaanza na 116 vilevile. Kama bonneti ilibadilishwa, mfuniko wa nyuma unauamini kwa nini? Soma namba ya injini: F ni 1300, D ni 1200.

MamaKabureta: Na injini za Beetle hubadilishwa kuliko matairi 😄 Ukitaka kumaliza ubishi, jumba la makumbusho la Volkswagen kule Wolfsburg hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani vipi. Kinalipiwa, lakini kuchomelea matundu yasiyostahili kuzibwa ni hasara zaidi.

Spana13: Namba inaanza na F. Cheti nitaomba hata hivyo. Sasa, beji mpya za kuigiza au za zamani zilizotumika?

FundiPuti: Za zamani, hata kama zimefifia. Za kuigiza nyingi miguu yake hailingani na matundu, unajikuta unatoboa upya bati zima. Ila mikanda ya pembeni, ile mistari ya kung'aa ya ubavuni, nunua mipya, kwa sababu ya zamani ikishapinda hainyooki vizuri. Angalia upana tu: ya 1967 ni myembamba, na wauzaji huichanganya na ya 1966.

Kidhibiti: Mikanda hiyo ni alumini, asikudanganye mtu ukaipeleke kuchovywa kromu. Na chochote unachonunua, kijaribishe kwenye bati kabla ya rangi kupigwa.

Spana13: Bonneti haiguswi mpaka cheti kifike. Mwenye mfuniko wa nyuma wa 1966 karibu anipigie picha ya matundu, rula ikiwa pembeni.