Nyoka-mfalme wa Texas: mahali alipopatikana pasemwe au pafichwe?

MLETA MADA (San Antonio, Texas)

Wakuu, salaam. Hoja ninayoileta leo huku niliko imegombanisha watu waliokuwa wakisafiri gari moja miaka na miaka, kwa hiyo naomba tuijadili kwa upole.

Amerika ina nyoka wa jenasi Lampropeltis. Mimi nawaita nyoka-mfalme, maana wanameza nyoka wenzao, hata wale wenye njuga mkiani, na sumu ya hao wenye njuga haiwaangushi. Wenyewe hawana sumu. Humbana windo mpaka likate pumzi. Kati yao, aliyeniteka ni mmoja: alterna, mwenye mikanda ya kijivu, wa Texas Magharibi na kaskazini mwa Meksiko.

Wanasayansi walimwandika kama aina mpya mwaka 1901 kutoka milima ya Davis, na kwa miongo mingi akahesabiwa miongoni mwa nyoka adimu kabisa Marekani. Mwaka 1950 akaandikwa mwingine kutoka karibu na Dryden, mwenye mabaka mapana ya rangi ya chungwa, naye akapewa jina lake, blairi. Baadaye majike yakataga mikononi mwa wafugaji, na katika uzao wa mama mmoja wakatoka wa mikanda myembamba na wa mabaka mapana. Kumbe ni nyoka yuleyule. Huko California mtafiti wa nyoka Laurence Klauber alikuwa ameshaonyesha jambo kama hilo miaka ya 1930: nyoka-mfalme wa pingili na wa mstari mmoja wa mgongoni, waliodhaniwa kuwa aina mbili, walianguliwa katika kundi moja la mayai.

Majina ya kisayansi yalipoporomoka, wafugaji walishika kitu kingine: asili. Ukisikia mtu anasema "nina Langtry" au "nina Juno Road", anataja barabara au mji alikookotwa babu wa nyoka wake. Na kweli tofauti ipo. Upande wa mashariki, kuzunguka mto Pecos, wa mabaka ya chungwa ni wengi. Ukienda magharibi mikanda myembamba inazidi. Wafugaji makini hawachanganyi. Wa Langtry hupandishwa na wa Langtry, na karatasi inaandikwa vizazi vyote.

Kumpata ni kazi ya usiku. Anaishi ndani ya nyufa za mawe ya chokaa na hutoka gizani kutafuta mijusi waliolala. Juni, usiku usio na mbalamwezi, mvua ikinukia kwa mbali, unatembea kando ya kuta za mwamba uliopasuliwa kupitisha barabara, taa ikipapasa ufa mmoja baada ya mwingine. Wangu wa kwanza nilimwona safari ya tatu, baada ya kukesha usiku nane bila kuona hata mkia. Kichwa kilikuwa kimetokeza kwenye ufa, macho makubwa, shingo rangi ya majivu ya mkaa. Nilikaa chini kwenye kokoto. Sikumgusa, na sijawahi kujuta.

Sasa hoja. Jina la mahali ndilo linalompa nyoka huyu thamani, na jina hilohilo ndilo linalomponza. Mtu akishapiga picha na kutaja daraja, kilomita na upande wa barabara, juma lijalo kuna magari kumi pale, na mmoja wao amekuja na mtaimbo. Nimeona kwa macho yangu mwamba uliobanduliwa kama ganda la embe ili kuangalia nyuma yake kuna nini. Ufa ule ulichukua karne nyingi kuwa ufa. Haurudi.

Msimamo wangu una sehemu mbili. Kwanza, tuache kuokota wa porini. Alterna anazaliana vizuri kizimbani. Ukimpa baridi ya miezi miwili mitatu wakati wa kipupwe atapanda na kutaga, na kwa matunzo anaweza kufika miaka 20. Waliopo wanatosha. Pili, hadharani tutaje wilaya, tusitaje ufa. Nawasilisha.

MCHANGIAJI (Houston)

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapa umeteleza. Nimefuga alterna kuanzia kabla hujafika nchi hii.

Nani aliyegundua kwamba nyoka huyu si adimu? Ni waokotaji wa barabarani, watu wa kawaida, mafundi magari na walimu, waliotoka na tochi usiku baada ya usiku. Vitabu vilisema adimu kwa sababu waandishi walikuwa wanalala usiku. Na jambo lako la uzao mmoja, hao waliotaga walitaga nyumbani kwa wafugaji. Bila mtu wa kumwokota jike mwenye mimba, hadi leo tungekuwa na alterna na blairi.

Mwaka 2007 Texas ilipiga marufuku kuwinda kwenye barabara za umma na ukingo wake. Katika jimbo ambalo zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, ukiondolewa barabarani umeondolewa kabisa. Miji midogo kama Sanderson ilikosa wageni wa Juni. Tulisimama, tukaeleza, na mwaka 2011 sheria ikarekebishwa: uwe na leseni ya uwindaji na stempu ya nyoka na vyura ya dola 10, uvae reflekta, ushuke garini, usitege mtego. Huo ni utaratibu mzuri na pesa inaingia serikalini. Wewe unataka turudi mwaka 2007 kwa hiari yetu?

Halafu pima. Barabara ni uzi mwembamba juu ya milima yote ile. Kila ufa wa ukingoni una nyufa elfu nyuma yake ambazo hakuna binadamu atakayezifikia, na malori usiku huua wengi kuliko sisi.

MCHANGIAJI (Morogoro)

Ndugu zangu, naomba niseme kama mtu wa huku.

Tuna msitu wa Kimboza, chini ya Uluguru, kama kilomita za mraba 4 tu. Humo anaishi mjusi mdogo, dume lake lina buluu ambayo mtu akiiona mara ya kwanza anadhani ni plastiki. Dunia ikajua mahali. Hakuna aliyehitaji kubahatisha, jina la msitu lilikuwa kwenye kila tangazo la kuuza. Mijusi hao hukaa kwenye majani ya miti ya jamii ya mkadi, na waokotaji walikuwa wanakata mti mzima ili kumtoa mjusi mmoja asiyefika urefu wa kidole. Walitoka kwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, zikakubaliana kumweka kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, na mwaka huohuo Tanzania ikafunga usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi.

Aliyemwandika mjusi wetu mwaka 1952 ni Arthur Loveridge, aliyewahi kuwa makumbusho ya Nairobi na baadaye idara ya wanyamapori Tanganyika. Ni huyohuyo aliyemwandika nyoka-mfalme wa Meksiko anayeitwa thayeri, mwaka 1924. Mkono mmoja uliandika wanyama hawa wawili. Kwa hiyo mkisema mambo ya Texas hayatuhusu, mimi sikubali. Namuunga mkono mleta mada: mahali pafichwe.

MCHANGIAJI (Dar es Salaam)

Jamani, mimi ni mama wa watoto watatu na naogopa nyoka, sifichi. Kwetu nyoka akionekana uani huulizwi ni wa asili gani, panga linatangulia. Swali langu ni la dhati: kwa nini lazima umweke ndani? Kaka amemwona, akakaa chini, akafurahi. Furaha si imekamilika hapo?

HOUSTON

Dada, swali zuri. Jibu langu: yule niliyemweka ndani nimemjua miaka 14. Najua kwamba makinda wake wengi hukataa panya mchanga wakishatoka yaini, wanataka mjusi, mpaka umsugue panya kwa mjusi apate harufu. Hayo huyajui kwa kumwona dakika tano. Na ndugu wa Morogoro, pole kwa Kimboza, inauma. Lakini kilomita za mraba 4 si sawa na wilaya tano za mawe matupu. Mnyama wa msitu mdogo na mnyama wa jangwa zima hawapimwi kwa kibaba kimoja.

MCHANGIAJI (Las Palmas, Gran Canaria)

Niko Visiwa vya Kanari, kazi yangu ni hotelini. Naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: wanaotoka kizimbani.

Huku kulikuwa hakuna nyoka. Wafugaji walileta nyoka-mfalme wa California, wakatoroka au wakaachiwa, na tangu mwaka 2007 inajulikana kwamba wanazaliana porini. Wengi ni weupe wa kuzaliwa, kitu ambacho kinaonyesha wazi walikotoka. Kisiwa kina mjusi mkubwa ambaye asili yake ni hapa tu, na pale nyoka hawa walipoenea, mijusi hao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kuna mradi, kuna mitego, kuna watu wa kujitolea, na bado wanasonga mbele. Mnabishana kuhusu kumtoa nyoka mwambani. Nani anaandika karatasi ya yule anayetoka dirishani?

MLETA MADA

Nimesoma yote, nimerudia mara mbili. Nabadilisha sehemu ya kwanza ya hoja yangu.

Mkuu wa Houston, umenishinda kwenye kuokota. Kipimo chako ni cha haki: eneo la mnyama lina ukubwa gani. Alterna ana milima. Mtu mwenye stempu na reflekta akichukua mmoja kwa mwaka hamalizi kitu. Lakini kwa mnyama wa Kimboza, au nyoka wa kilele kimoja tu cha mlima, jibu langu ni hapana, hata mmoja.

Kwenye kutaja mahali sijasogea, na hoja yako ya barabara kuwa uzi mwembamba ndiyo inayonishikilia hapo. Nyufa elfu za nyuma hazifikiki, sawa. Basi mitaimbo yote inagonga zilezile mia za mbele. Mahali halisi paandikwe, lakini papelekwe makumbusho kwa mtunzaji, pamoja na gamba alilojivua, maana gamba linatoa vinasaba bila kumchukua mnyama. Watakaotaka kujenga au kuchimba watakuta kumbukumbu ipo. Mwenye mtaimbo hataiona.

Kuna lingine linalonikera, nalo linahusu karatasi. Mwaka juzi nilinunua jozi kwa mfugaji mmoja, imeandikwa Juno Road baba na mama. Mwaka uliofuata nikaambiwa na mtu aliyekuwepo kwamba baba yao alikuwa mchanganyiko. Hakuna kipimo kitakachokuambia nyoka alitoka barabara gani. Asili yote imesimama juu ya neno la mtu. Nimeandika "asili haijulikani" kwenye kizimba chao, na watoto wao sitawauza kwa jina la Juno Road, ingawa bei itashuka.

Ndugu wa Las Palmas, huna mpinzani hapa. Vizimba vyangu vina kufuli tangu jana usiku, na hesabu ya makinda naifanya kila asubuhi.

Dada wa Dar, kwako sina jibu kamili. Ule usiku wa Langtry ulitosha. Waliopo ndani wanatosha kwa namna nyingine.

Houston, wiki ya pili ya Juni nitakuwa Comstock, mwezi ukiwa mchanga. Njoo na stempu yako, mimi nina kamera. Tukimpata jike mwenye mimba tutaamua palepale, akiwa mbele yetu.