Shindano lipi la gitaa la klasiki: Benicàssim, Alessandria au GFA?

Mpigaji wa Ngara
Salaam wanajukwaa. Nimeweka akiba kwa muda mrefu ili nishiriki shindano moja la kimataifa, na fedha nilizonazo zinatosha safari moja tu. Nimebakisha matatu: lile la Francisco Tárrega huko Benicàssim, Uhispania, la Michele Pittaluga huko Alessandria, Italia, na la GFA (Guitar Foundation of America, taasisi ya gitaa ya Marekani), ambalo huhamahama miji. Nalazimika kuamua kabla ya mwisho wa mwezi. Mngechagua lipi?

Mwalimu Kilimani
Ndugu, fundi hakati suti kabla ya kukupima. Una umri gani? Mashindano mengi ya Ulaya yana kikomo cha umri. Je, una kibao cha gitaa na okestra kilichoiva? Nauliza kwa sababu fainali za Benicàssim na Alessandria hupigwa pamoja na okestra, na hakuna atakayekusubiri uanze kujifunza Concierto de Aranjuez baada ya kupita mchujo. Pasipoti yako je?

Nyuzi Sita
Benicàssim, bila kusita. Shindano hilo lilianza mwaka 1967, mpigaji gitaa David Russell akalishinda 1977, na hadi leo hutoa zawadi maalumu kwa anayezipiga vyema zaidi kazi za Tárrega, mtunzi Mhispania wa gitaa. Sisi tuliopitia mitihani ya gredi ya muziki hapa Nairobi tumekua na vibao vyake.

Mama Tremolo
Kukua navyo si kuvimudu mbele ya waamuzi, Nyuzi Sita. Mimi nasema GFA, kwa kuwa mshindi hupewa ziara ya matamasha na nafasi ya kurekodi, na hicho ndicho mpigaji wa huku kwetu anachokosa. Jason Vieaux alishinda huko 1992 akiwa na miaka 19, na ziara hiyo ikamtambulisha kwa wasikilizaji.

Kaka wa Kitisuru
Kabla hamjaendelea kugawana vikombe, mwulizeni gitaa litasafiri vipi. Nilipokwenda kwenye shindano moja la Ulaya, nilikuwa nimeahidiwa kwa simu kwamba ningeingia nalo ndani ya ndege. Mlangoni nikaambiwa ndege imejaa, likabandikwa lebo na kupelekwa chini na masanduku. Nilikuwa nimelegeza nyuzi, na kesi ilikuwa ngumu. Nilipolifungua hotelini sikuona kitu, hadi nilipopitisha kidole: palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye daraja hadi ukingoni, na kila nilipogusa uzi wa tano ulivuma kama nzi ndani ya chupa. Raundi ya kwanza nilipiga kwa gitaa la kuazima, lenye shingo pana kuliko niliyoizoea, na kibao nilichokipiga miaka minne kikanikimbia katikati. Shirika la ndege lilinijibu baada ya miezi miwili, kwa kuniomba risiti ya gitaa nililorithi.

Mwalimu Kilimani
Pole sana, lakini ufa wa namna hiyo mara nyingi huletwa na ukavu. Mbao zikinywea, uso hupasuka hata kama hakuna aliyeugusa. Ulikuwa na sponji yenye unyevu ndani ya kesi?

Kaka wa Kitisuru
Nilikuwa nayo, Mwalimu. Ilifika ikiwa imelowa.

Mpigaji wa Ngara
Asanteni. Nina miaka 27. Kibao cha okestra sina. Nimepiga sehemu ya pili tu ya Aranjuez, nikifuatwa na kinanda. Linalonisumbua zaidi ni ukucha wa kidole cha pete ninaopigia nyuzi, ambao huvunjika kila nikianza mazoezi ya saa nne.

Mama Tremolo
Kama huna kibao cha okestra, umejijibu mwenyewe: nenda GFA, ambako hata fainali unapiga peke yako. Kuhusu ukucha, kata kipande cha mpira wa tenisi ya mezani, kibandike chini ya ukucha kwa gundi kali, kisha ukisugue kwa msasa laini.

Nyuzi Sita
Mpira una sauti ya plastiki. Heri akriliki ya saluni.

Mama Tremolo
Umeshawahi kuutumia, au unasikia kwa watu?

Mwalimu Kilimani
Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, nayo ingemfaa kwa Uhispania na kwa Italia pia. Ila Mpigaji, pasipoti bado hujaitaja.